Mahindi ya Mpakani

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, tulipotoka kunywa uji. Uji haukuwa na sukari, kama kawaida ya mwaka huu, na mwalimu wa baiolojia aliingia darasani bado anajifuta midomo. Mkononi alikuwa na chaki ndogo kuliko kucha. Akaandika ubaoni neno moja, spishi, chaki ikaisha, akasema mengine tutayashika kwa masikio.

Nilikuwa nimekaa dawati la tatu upande wa dirisha, rafiki yangu kulia kwangu. Tumekaa hivyo tangu shule ya msingi. Nyumba zetu zote ziko Nakwa na mashamba yetu yanapakana, kwa hiyo asubuhi tunatoka pamoja na jioni tunarudi pamoja. Darasani tuna utaratibu wetu: mimi naandika, yeye anasema. Mwalimu akiuliza swali, namnong'oneza jibu, yeye ananyoosha mkono. Hivyo ndivyo tulivyofika kidato cha tatu wote wawili, na sikuwahi kuona ubaya wake. Mimi nikisimama mbele za watu, maneno yote yanaingia ndani kama konokono.

Nyuma yetu alikaa msichana aliyekuja muhula huu kutoka Arusha mjini. Baba yake ni afisa aliyehamishiwa hapa wilayani. Moyoni nilimwita mgeni, na bado namwita hivyo, ingawa sasa anajulikana na watu wengi kuliko mimi. Soksi zake ni nyeupe na hazijawahi kushonwa kisigino. Halafu ananukia sabuni ya kuogea, ile inayovuka mpaka wa Namanga bila kuonekana na mtu, wakati sisi wengine tunafulia majani ya mpapai na kuoga tukimshukuru Mungu kwa maji.

Mwalimu wetu huanza kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, halafu anarudisha mlango na kueleza upya kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo tunavyoelewa.

"Mbuzi na kondoo," akasema. "Mnawachunga pamoja, wanalala zizi moja. Nani amewahi kuona mtoto wao?"

"Hakuna, mwalimu."

"Kwa nini hakuna?"

"Wanaheshimiana, mwalimu," akajibu mvulana mmoja kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu naye alicheka. Kisha akasema kwamba zamani sana, zamani isiyohesabika kwa vidole, mbuzi na kondoo walikuwa na bibi mmoja. Lilikuwa kundi moja, likagawanyika, na swali la siku ni kundi moja linakuwaje mawili.

Alisema njia si moja, kila jamii ya viumbe ina tabia yake. Kwa ndege mara nyingi huanza umbali. Ndege wa msitu wa juu ya mlima Kwaraa hashuki kuvuka tambarare yenye jua kumtafuta mwenzake wa Hanang. Kila kundi likabaki kwake, wimbo unabadilika kidogo kidogo, mpaka siku wakikutana dume anaimba na jike anaona ni kelele tu. Samaki nao wanaweza kutengana ndani ya maji yale yale. Akatutajia furu wa Ziwa Viktoria: wengine majike huchagua madume kwa rangi, wengine walitengana kwa chakula, huyu anakwangua mawe na yule anavunja konokono. Nzi wa matunda hutengana kwa kuhamia tunda jipya, maana nzi humtafuta mwenzake kwenye tunda alilozaliwa, na harufu ndiyo inayomwambia amefika nyumbani. Mimea ndiyo haina subira kabisa. Aina mbili zikichanganyika na kromosomu zao zikajirudia mara mbili, kizazi kimoja kinatosha kuzaa spishi mpya. Ngano inayolimwa Hanang, akasema, ilipita njia hiyo.

Nilikuwa naandika kwa furaha. Nilifurahi hasa ile ya ngano, kwa sababu tumetoka milima ya Mbulu na babu yangu alilima ngano. Nikamgusa rafiki yangu kwa kiwiko, nikamnong'oneza, "Sisi mimea."

Mwalimu akasema jozi nne zitaanza, moja kwa ndege, moja samaki, moja wadudu na moja mimea. Ijumaa kila jozi ielezee darasa, na mfano utoke hapa hapa Babati, si kitabuni. Kisha akasema neno ambalo lilifanya hii kazi iwe kubwa.

"Hadubini mnajua ni moja, na kioo chake kina ufa. Jozi hizi ndizo jozi za hadubini mpaka mtihani wa kidato cha nne. Anayetaka kubadilisha mwenzake aniambie Ijumaa, kipindi kikiisha. Baada ya hapo nisisikie."

"Mimea!" mgeni akasema nyuma yetu, hata mkono hakunyoosha.

"Wewe na nani?"

"Na mimi, mwalimu," akasema rafiki yangu.

Nilikuwa nimeshaandika jina langu na lake juu ya karatasi. Sikulifuta la kwake. Nililiandika tena juu yake mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Nilipoinua kichwa walikuwa wamebaki samaki, na mimi nikapewa msichana mwingine aliyekuwa hajachaguliwa, yeye wazazi wake ni wafugaji wa tambarare za Hanang na hapa anakaa Bonga kwa shangazi yake.

Tulipofika karibu nusu ya njia ya kurudi nyumbani, nilimgeukia.

"Umechukua mimea," nikamwambia.

"Nimechukua."

"Na mgeni."

"Ana jina lake yule."

"Najua ana jina."

Akasimama. "Sikiliza, usivimbe. Ijumaa ni kusema mbele ya darasa. Nikiwa na wewe nitasema peke yangu, wewe utakuwa unaangalia viatu. Nimechoka kuwa mdomo wa watu wawili."

"Si majibu nakupa mimi?"

"Unanipa. Na jibu likiwa la uongo, anayechekwa nani?"

Ni kweli, amechekwa mara nyingi kwa makosa yangu na hajawahi kunitaja.

"Lakini mpaka kidato cha nne?" nikasema.

"Mwalimu amesema mtu anaweza kubadilisha Ijumaa. Tutaona."

Neno hilo, tutaona, nililibeba siku zote zile kama mtu aliyebeba yai kwenye sketi. Niliamka nalo na nililala nalo. Ijumaa atanyoosha mkono, nilijiambia, atasema mwalimu nataka kurudi kwa mwenzangu wa siku zote. Nilijua hata sauti atakayoitumia.

Jumatano alikuja asubuhi kama kawaida tukatembea, na kabla hajafungua mdomo nilisikia harufu. Alikuwa amepewa kipande cha sabuni. Nilivuta pumzi nikakuta mwenzangu hayupo, anayetembea kando yangu ni mgeni mwenye sura ya rafiki yangu. Nikasema moyoni, huyu ameshahamia tunda lingine. Mchana nilienda nyuma ya jiko la shule nikanusa mikono yangu. Ilinuka moshi na mpapai. Ningependa kuandika kwamba niliona aibu kwa wivu wangu, lakini nilichoona ni kwamba na mimi nataka sabuni, na nataka nipewe na yeye.

Alhamisi jioni mimi na mwenzangu wa samaki tulishuka Ziwa Babati kuwaangalia wavuvi wakipakua perege na kambare. Yeye alisimama mbali, ameziba pua kwa kanga.

"Sasa tutaelezaje samaki na wewe unawaogopa?" nikamuuliza.

"Kwetu samaki hatuli. Bibi yangu anasema ni nyoka aliyekosa mahali pa kukaa."

"Utamwambia mwalimu hivyo?"

"Nitamwambia wewe ndiye unayekula, kwa hiyo wewe ueleze."

Nilicheka bila kupenda. Ni mtu wa maneno mengi, na utani wake hauna sumu. Lakini nilikuwa namsikiliza nusu nusu. Nusu nyingine ya masikio ilikuwa Nakwa, kwa sababu nilijua mgeni ameenda kwa rafiki yangu, na kwamba wamekaa kwenye kile kigogo cha nje ya jiko ambapo ndipo mahali pangu.

Ijumaa ndege walitangulia, wavulana wawili, na mmoja alipiga mluzi wa aina mbili mpaka mwalimu akamwambia inatosha. Tukafuata sisi. Mwenzangu alieleza furu na rangi zao, akawafananisha na perege wa ziwani kwetu, vizuri kuliko watu wengi wanaokula samaki, mimi nilishika mchoro, na niliposhtuliwa nikasema sentensi moja ambayo ilisikika mpaka dawati la kwanza tu. Wadudu wakapita. Kisha mgeni akatoka mbele pamoja na rafiki yangu, na mkononi mwa mgeni kulikuwa na hindi.

Nililijua lile hindi kabla hajaligeuza. Lilikuwa jeupe lenye punje za njano hapa na pale, kama mtu amelidonoa kwa rangi. Lilikuwa limening'inia juu ya jiko la kina rafiki yangu tangu mavuno ya mwaka wa njaa, moja lililosalia.

"Palikuwa na akina mama wawili, majirani," mgeni akaanza.

Basi nikajua ni nini kinakuja. Mwaka ule wa njaa mbegu ziliisha kwenye nyumba nyingi. Mama wa rafiki yangu alichukua mahindi ya njano ya msaada, yale tunayoyaita yanga, ambayo watu walipewa wasage, yeye akayapanda. Yakaota. Upande wa pili wa mpaka mama yangu alikuwa na mahindi yetu meupe. Wakati wa kuvunja, mama alimenya hindi la mpakani akakuta punje za njano ndani, akamenya la pili, la tatu. Akalibeba moja mpaka kwa balozi wa nyumba kumi kushitaki kwamba watoto wa jirani wamechokoa punje zake nyeupe na kupachika za njano ili kuficha wizi.

Mgeni alisimulia vizuri, lazima niseme. Alisimulia jinsi balozi alivyovaa miwani na kujaribu kuing'oa punje moja kwa kisu ili aone kama imepachikwa. Alisimulia na hukumu yenyewe: kwamba kwa kuwa mahindi hayasemi, mistari yote ya mpakani yenye madoa ivunjwe, ichomwe, na iliwe na nyumba zote mbili siku ile ile, balozi akiwepo. Darasa lilicheka mpaka wengine wakalalia madawati. Halafu mgeni akamwigiza mama yangu. Aliivuta sauti jinsi wazee wetu wa milimani wanavyovuta Kiswahili, akaweka mkono kiunoni, akasema, "Balozi, haya mahindi yameingia kwangu bila hodi!"

Nusu ya darasa wana mama wanaosema hivyo hivyo, na walicheka zaidi ya wote. Rafiki yangu alikuwa anaangalia sakafu. Sikuumia kwa ajili ya mama tu, acha niseme ukweli. Niliumia kwa sababu siku ile tulikaa mimi na yeye kwenye majivu ya moto, tukila yale mahindi ya kesi, tukihesabu nani amepata madoa mengi, na mama zetu wakikwepana macho. Ilikuwa yetu, na sasa imo mdomoni mwa mtu ambaye hata moshi wake hakuunusa.

"Kwa hiyo," mgeni akamalizia, "watu wanasema yanga ni kitu kingine kabisa, si mahindi ya watu. Lakini unga wa mbelewele za mahindi ya njano ulipepea ukatua kwenye nywele za mahindi meupe, na punje zikakubali. Viumbe wanaochanganyika hivyo si spishi mbili. Rangi peke yake haitengi."

"Safi kabisa!" mwalimu akasema, akaanza kupiga makofi.

Nikasimama.

Sijui nilisimamaje. Nilikuta tu naona vichwa vya watu kutoka juu. "Nina swali," nikasema, na sauti ikatoka, tena ikatoka kubwa.

Mwenzangu wa samaki akanong'ona, "Mama yangu weee."

"Mpaka wa mashamba hayo," nikamwambia mgeni, "unaanzia juu mpaka chini, na mahindi ya njano yalipandwa urefu wote. Mbona madoa yalikuwa kwa mahindi ya chini tu? Ya juu hayakuwa na punje hata moja ya njano."

Mgeni alinitazama. "Labda ni upepo."

"Upepo gani unaochagua?"

Watu wakacheka, na safari hii hawakucheka na yeye. Akaligeuza hindi mkononi kana kwamba limeandikwa mahali. Akasema, "Labda juu kulikuwa na miti."

"Hakuna miti. Ulifika?"

Masikio yake yalikuwa mekundu, maana ni mweupe wa rangi. Akamgeukia rafiki yangu, na rafiki yangu ndipo akainua uso, lakini hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Meupe ya juu yalipandwa mvua za kwanza," rafiki yangu akasema polepole. "Ya chini hayakuota, yakarudishiwa baadaye. Mahindi yetu ya njano yalipotoa mbelewele, ya juu yalishakauka nywele. Yalikuwa yamemaliza. Ya chini ndiyo yalikuwa yanachanua."

Mwalimu aliruka. Aliruka kweli, vumbi likatoka sakafuni. "Hapo! Hapo! Mmesikia? Shamba moja, mpaka mmoja, hakuna mlima, hakuna ziwa, na bado nusu haikuchanganyika! Muda peke yake umesimama katikati. Sasa hebu fikirini kundi linalochanua mapema likae hivyo, na watoto wao wachanue mapema, na wajukuu, miaka na miaka. Siku moja hata wakichanua pamoja hawatakubaliana." Akasema watatu wote tupigiwe makofi ya kilo.

Makofi yakapigwa. Mimi niliyasikia kwa mbali. Nilikuwa namwangalia mgeni anavyorudi kwenye dawati, macho yamejaa maji, na ndani yangu palikuwa na utamu kama wa muwa. Sikuwahi kumshinda mtu yeyote kwa mdomo. Nikakaa nikasubiri kitu kimoja tu kilichobaki.

"Jozi," mwalimu akasema. "Nani anabadilisha?"

Mvulana mmoja alibadilisha, kwa sababu mwenzake anakoroma darasani. Nikageuka kulia. Rafiki yangu alikuwa amekunja mikono juu ya dawati.

"Mwingine? Hakuna? Nafunga."

Mikono ile haikukunjuka.

Nilimfuata nje mpaka kwenye bomba la maji. Alikuwa anajaza ndoo ya usafi, hakugeuka.

"Kumbe unaweza kusema," akaniambia.

"Amemwigiza mama yangu."

"Nilimkataza asimwigize. Ungemuuliza hilo, ningekuwa upande wako. Hukumuuliza hilo. Ulimuuliza kitu ulichojua hawezi kujua."

"Wewe ndiye uliyempa hadithi yetu!"

"Ni yangu pia. Si mama yangu ndiye aliyepanda?" Maji yalijaa yakaanza kumwagika, akaachia tu yamwagike, na maji yenyewe siku hizi ni ya kusubiri. "Tangu darasa la tatu nasimama kwa ajili yako. Nachekwa kwa ajili yako. Nilidhani huwezi. Kumbe unaweza kabisa, tena kwa sauti ile! Ulikuwa unaniachia tu."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa najua, kwamba na mimi nimeshangaa kama yeye. Lakini mgeni alikuwa amefika, macho mekundu, akashika upande mmoja wa mpini wa ndoo bila kuambiwa. Rafiki yangu akashika upande wa pili. Wakaondoka nayo, wanakwenda hatua sawa ili isimwagike.

Nilirudi Nakwa peke yangu. Mama aliuliza mwenzako yuko wapi, nikasema ana kazi ya shule.

Asubuhi yake, Jumamosi, ilisemekana sukari imefika duka la ushirika. Sukari ikija foleni huanza kabla ya watu. Unaweka jiwe lako chini, na jiwe hilo ndilo wewe mpaka mlango ufunguliwe, na anayewahi humwekea na mwenzake. Mimi na rafiki yangu tumewekeana mawe hivyo tangu bidhaa zilipoanza kuadimika. Nilifika mapema kuliko watu wengi, nikayakuta mawe saba na ndoo moja mbovu. Nikaokota jiwe moja, nikaliweka.

Jua lilipopanda alifika na kikapu. Akawaamkia akina mama, shikamooni, shikamooni, akapita akiangalia chini mpaka akanifikia.

"Langu lipi?" akauliza.

"Sijaweka," nikasema.

Aliliangalia jiwe langu, akaangalia nyuma yake palipokuwa na jiwe la mtu mwingine. Akageuka akaenda mwisho wa foleni, kule kwenye kona, ambako sukari huwa haifiki. Mlango ukafunguliwa. Mama aliyekuwa mbele yangu akasogeza jiwe lake kwa mguu, na mimi nikasogeza langu.